Masista, Kahawa na Binti wa Rombo

Mwaka huu tunachangia bweni la wasichana, na kamati imeniomba niandike kidogo juu ya tulikotoka. Nitaandika kama mtu aliyelala katika bweni la aina hiyo.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, Kibosho 1893, na kwetu Rombo 1898. Shule zao zilijaa wavulana kwanza. Msichana alifundishwa katekisimu, kushona na kusoma kidogo, kisha akarudi migombani. Wazee wetu hawakuwa na roho mbaya. Kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume, na binti huhesabiwa kuwa wa ukoo atakakoolewa, kwa hiyo baba hakuona ada yake ingemrudishia nini.

Kwa maoni yangu, kilichoanza kugeuza mambo ni Huruma. Mwaka 1931 lilianzishwa Shirika la Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, na hapo ndipo nyumba yao mama ilipo. Fikirini: binti wa Kichagga anasema haolewi! Mahari haipo, wajukuu hawapo. Marehemu bibi alitusimulia jinsi jirani yake alivyotoroka alfajiri akiwa na kanga moja, na jinsi baba yake alivyokaa miaka bila kutaka jina lake litajwe. Kisha akarudi, akiwa amevaa shela, mwalimu. Baba yuleyule ndiye aliyempelekea barua zake amsomee.

Shule ya sekondari ya wasichana ilikuja baadaye sana. Wakubwa wetu wanaikumbuka Assumpta, ambayo leo ni Weruweru. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilichukua shule za misheni, na kuanzia 1970 Mama Maria Kamm akaiongoza Weruweru hadi 1992. Asha-Rose Migiro, aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipita hapo.

Lakini nafasi zilikuwa chache, na ulipokuja mgawo wa kimkoa, mtoto wa Kilimanjaro aliweza kufaulu na bado akabaki nyumbani. Ndipo wazazi na parokia walipoanza kujenga shule zao wenyewe, kwa fedha za kahawa, mchanga wa kubeba kichwani na harambee baada ya Misa. Vyama kama hiki chetu vinaendeleza kazi hiyohiyo.

Mimi nilisoma katika shule mojawapo ya masista miaka ya themanini. Kengele ililia saa kumi na moja, maji ya kunawa ni ya baridi ya mlimani, kisha sala. Kidato cha kwanza nilisali kwa sababu wote walisali. Kidato cha tatu malipo ya kahawa yalichelewa, nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimefunga novena nzima, siku tisa, nikiomba malipo yatoke. Hayakutoka. Nilishuka njiani nikiwa nimemkasirikia Mungu, na rozari niliitupa chini ya sanduku.

Wiki ya pili, siku ya soko, akina mama wa jumuiya yetu ndogo ndogo walikuja jioni. Walikuwa wametoka kuuza ndizi Mkuu. Mmoja alifungua pindo la kanga, akamwaga sarafu na noti zilizokunjwa mezani, mwingine akafuata. Baba alisimama mlangoni asijue aseme nini. Biashara ya ndizi ni ya wanawake, na fedha ile mwanamume haulizii. Mama alihesabu mara mbili. Ilipungua kidogo, ikajazwa kwa kuku wawili.

Nilirudi shuleni. Sista mlezi hakunihubiria. Aliniuliza tu kama nimekula, akanipa chai. Nilikaa karibu muhula mzima bila kusali kwa moyo, nikisimama na wenzangu kimya. Niliporudia, sikuwa tena na desturi ya kumpangia Mungu tarehe. Nilianza kuomba nikiwataja wale akina mama mmoja mmoja kwa majina yao, na bado naomba hivyo.

Wawili kati yao wangali hai. Mwezi uliopita niliwapitia, nikawaeleza habari za bweni hili. Mmoja aliniambia nisubiri, akaingia ndani, akatoka na noti ya elfu tano iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Imeshaandikwa katika daftari la mweka hazina.