Asiyekula ngano achunguze pia rangi ya midomo

GLUTENI ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai. Mwenye maradhi ya siliaki akiila, utumbo wake mdogo hudhurika. Je, mafuta ya nywele yenye ngano nayo yatamdhuru? Kwa kawaida hapana, kwani gluteni haipenyi ngozi ikafika utumboni. Cha kuogopa ni kinachomezwa: rangi ya midomo, au mafuta yaliyosalia vidoleni wakati wa kula.

Mzio wa ngano ni jambo jingine. Nchini Japani, zaidi ya watu 2,000 waliupata kutokana na sabuni ya uso iliyotiwa protini ya ngano iliyovunjwavunjwa, hata wakashindwa kula mkate waliouzoea. Sabuni hiyo iliondolewa madukani mwaka wa 2011.

Kwenye lebo, ngano hujificha kwa jina la Kilatini, Triticum vulgare, na shayiri Hordeum vulgare. Mafuta halisi ya nazi, ufuta au mbarika hayana gluteni, na nywele za kipilipili huyapokea vyema.

Ama vilengelenge vinavyowasha viwikoni na magotini, hivyo havitaki mafuta. Huenda vinatokana na gluteni ya chakula. Amwone daktari, tena kabla ya kuacha ngano, maana akiiacha mapema vipimo vya damu huweza kukosa kuyafichua maradhi.