CHUO KIKUU NA MTOTO WA KIJIJINI: FUNDISHO LA AZIMIO LA MUSOMA

Fundi mitambo akikosea, chuma huharibika. Mwalimu, ofisa wa ustawi wa jamii au mtaalamu wa saikolojia akikosea, anayeharibika ni binadamu. Kwa hiyo suala la nani anaandaliwa kwa kazi hizi, wapi, na kwa faida ya nani, ni suala la siasa kabla ya kuwa suala la mitaala. Tuitazame historia ya nchi yetu tuone imetufundisha nini.

Chuo tulichoanza nacho

Chuo Kikuu chetu kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU jijini Dar es Salaam. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na huko kikaanza kuandaa walimu. Mwanafunzi alisoma somo lake, mathalani historia au jiografia, pamoja na taaluma ya ualimu, ikiwemo saikolojia ya elimu. Shabaha ilikuwa kupata haraka walimu wazalendo wa sekondari, kwa kuwa shule hizo zilitegemea mno walimu wa kigeni. Shabaha hiyo ilikuwa sahihi. Lakini vitabu, mitihani na fikra za msomi ni nani, vyote vilikuwa vya kurithi.

Matokeo yake yalionekana tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo sehemu yake iliwataka wafanye kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ndugu hawa hawakuzaliwa na ubinafsi. Walifundishwa kwamba elimu ni ngazi ya kupanda kutoka kwa umma. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha, likafuatwa na Elimu ya Kujitegemea.

Azimio la Musoma

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza, mwanafunzi asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu, bali kwanza afanye kazi, na maombi yake yapate mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. La pili, elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia mwaka 1977.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa na msingi imara wa nadharia. Mtu aliyeishi na wakulima anaifahamu njaa ya mtoto kabla hajasoma sura ya kitabu inayoeleza jinsi akili ya mtoto inavyokua. Hata hivyo wajibu wetu ni kujikosoa. Sharti hilo lilipunguza idadi ya wasichana waliojiunga, ikabidi lilegezwe kwao, na katika miaka ya 1980 likaachwa. Tulilifanya sharti la kuingilia mlangoni. Hatukulifanya utaratibu wa kusomea ndani ya chuo. Lilipoondolewa mlangoni, uzoefu wa kazi ukabaki kuwa wiki chache za mazoezi ya kufundisha.

Uamuzi wa pili ulifichua mgongano mkubwa zaidi. Walimu wa kufundisha mamia ya maelfu ya watoto wapya hawakutoka Mlimani. Walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walijifunza ualimu kwa miaka mitatu huku wakifundisha vijijini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi wa kanda. Zaidi ya 45,000 waliandikishwa na zaidi ya 35,000 walifuzu. Wapo waliowadharau kwa kuwaita walimu wa UPE. Sisi tunasema walibeba mzigo wa taifa. Lakini tuukubali ukweli: mtoto wa darasa la kwanza, anayehitaji mno mtu anayeielewa akili yake, alipewa aliyepata mafunzo machache kuliko wote, na mwenye shahada alipelekwa sekondari.

Ustawi wa jamii nao ulipita njia ya kando. Chuo chake kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa miaka mingi kilitoa vyeti na stashahada, na leo kinatoa shahada pia. Hivyo anayemfundisha mtoto na anayeishughulikia familia ya mtoto huyo huyo waliandaliwa mbalimbali, kana kwamba ni watoto wawili.

Wajibu wa leo

Tangu wakati huo taaluma hizi zimepanuka. Kitivo cha Elimu kilianzishwa mwaka 1989, na mwaka 2005 vikaundwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa. Upanuzi huo ni ushindi. Lakini wingi wa shahada si kipimo kamili cha ushindi. Kipimo ni mtoto wa kijijini.

Kwa hiyo historia inatupa mafunzo matatu:

1. Kazi miongoni mwa wananchi iwe sehemu ya masomo kila mwaka. Isiwe sharti la kuingilia wala pambo la kumalizia.

2. Taaluma bora ielekezwe kwanza kwenye madarasa ya chini na kwa familia zenye dhiki.

3. Mwalimu, ofisa wa ustawi na mtaalamu wa saikolojia wasomee mahali pamoja yale yanayomhusu mtoto mmoja.

Makada na wanafunzi, tusilisome Azimio la Musoma kama kumbukumbu tu. Swali lake halijajibiwa. Mkulima aliyelipia chuo kwa jasho lake ana haki ya kuuliza, na sisi tuna wajibu wa kumjibu kwa vitendo.