Plagi ya Nafasi Nane na Jina Lililohama

Jozi ya nyaya zilizosokotwa ni kongwe kuliko kompyuta. Alexander Graham Bell aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1881 kwa ajili ya simu. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja, kelele ya umeme itokayo nje huzipata zote kwa kadiri iliyo karibu sawa. Na kwa kuwa kipokezi husoma tofauti baina ya nyaya hizo, kelele hufutika.

Mtandao wa Ethernet, ulioanzishwa katika maabara ya Xerox mwaka 1973, ulitumia kwanza kebo nene isiyo ya jozi. Mwaka 1990 kiwango cha 10BASE-T kiliruhusu jozi mbili za namna ya simu kupeleka biti milioni 10 kwa sekunde, umbali wa meta 100. Pamoja na nyaya hizo, wahandisi waliazima plagi ya simu yenye nafasi nane. Hapo ndipo jina lilipohama.

Herufi RJ, zilizotumika Marekani tangu miaka ya 1970, zilimaanisha soketi iliyosajiliwa, yaani umbo pamoja na jinsi nyaya zake zinavyofungwa. RJ45 ya asili ilikuwa ya kupitisha data katika laini ya simu, na plagi yake ilikuwa na mbenuko ubavuni, hata isingeweza kuingia katika soketi ya kawaida ya kompyuta. Mafundi waliliangalia umbo, wakaisahau maana, jina likabaki.

Mwaka 1991 kilitolewa kiwango cha 568, chenye mipangilio miwili: T568A na T568B. Hiyo hutofautiana kwa kubadilishana jozi ya kijani na ya rangi ya machungwa tu, na yote hufanya kazi sawasawa. Lakini ncha moja ikifuata A na nyingine B, kebo huwa ya kupishanisha, na vifaa vingi vya zamani havikuweza kuwasiliana na swichi kwa kebo hiyo.

Basi mfasiri anayeandika “RJ45” peke yake katika hati ya zabuni ametaja umbo tu. Yafaa mambo matatu yapewe istilahi tatu: plagi ya nafasi nane, mpangilio wa nyaya, na daraja la kebo. Jina la sokoni laweza kubaki kando yake, maana fundi na muuza duka hulijua. Ila lisiachwe kubeba mzigo wa yote matatu.