Dakika tatu za Masanga: reli, saa na gitaa Bukama

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo ya kurekodi muziki, alifika Jadotville, mji wa Katanga, nchini Kongo, tunaouita leo Likasi. Huko barabarani akamsikia kijana akipiga gitaa. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, mtu wa Bayeke. Wimbo wake Masanga ukachapwa kwenye santuri, ukavuka bahari hadi Ulaya na Marekani. Kufika kwetu Bukama haikuwa kazi. Ulipanda treni tu.

Na treni ndiyo iliyoileta pia saa. Reli ilitoka kusini, ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ikapita nchi ya shaba mpaka ikaugusa mto Lualaba hapa Bukama mwaka 1918. Kwa miaka kumi Bukama ilikuwa mwisho wa reli na mwanzo wa maji. Watu na mizigo walishuka kwenye mabehewa, wakapanda meli na kuteremka mto kupitia nchi ya maziwa, Upemba na Kisale, hadi Kabalo na Kongolo. Kabalo palikuwa na reli nyingine ya kwenda Albertville, yaani Kalemie, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Halafu mwaka 1928 kampuni ya reli ya BCK ikamaliza njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, na shaba ya Katanga ikapata mlango wa magharibi bila kupita katika makoloni ya Waingereza.

Meli haiwezi kushika saa. Wakati wa kiangazi maji ya Lualaba hupungua, mchanga huinuka, na nahodha hufika atakapofika. Treni ni jambo jingine. Njia ya chuma ni moja, treni zinakwenda pande mbili, kwa hiyo moja lazima isubiri stesheni mpaka mwenzake apite. Anayekosea dakika chache anaweza kuua watu. Mimi naamini hapo ndipo saa ilipopata heshima yake katika mji wetu, kabla haijawa pambo: mkononi mwa watu wa reli, waliobeba roho za abiria katika mishale miwili midogo.

Pambo ilikuja kuwa baadaye. Kufikia miaka ya 1950 kijana aliyekwenda kufanya kazi katika migodi ya kampuni ya Union Minière alijulikana kwa vitu alivyorudi navyo: baiskeli, cherehani ya mkewe, gramafoni, na saa ya mkononi. Huko katika kambi ya wafanyakazi king'ora kilimwamsha, king'ora kilimpeleka kazini, king'ora kilimrudisha. Aliporudi nyumbani kwa likizo, saa ilikuwa yake mwenyewe. Aliitazama alipotaka.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nilipofaulu kumaliza shule ya msingi, katika miaka ya 1960, alinipa saa yangu ya kwanza: ya chuma, uso mweupe, mkanda wa ngozi ya kahawia uliokuwa mkubwa kwa mkono wangu hata akautoboa tundu jingine kwa msumari uliopashwa moto. Ilitiwa ufunguo kila asubuhi, wala si kwa kuukaza mpaka mwisho. "Mwanangu," aliniambia, "saa haichezewi. Ukiilazimisha itasimama." Nikaitika, "Ndiyo, baba," kisha nikatafuta kitu cha kupima.

Nilichokipata ni gramafoni ya mjomba, aliyefanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Luena. Alikuwa na santuri ya Masanga, imechakaa mpaka sindano ilitoa mlio kama wa mafuta jikoni. Nikaweka saa sikioni kwanza, kuhakikisha inatembea, kisha nikautazama mshale wa sekunde tangu gitaa lilipoanza. Ulizunguka karibu mara tatu, wimbo ukaisha. Nikageuza upande wa pili: vilevile. Nikajaribu santuri nyingine zote za mjomba. Hakuna hata moja iliyozidi hapo kwa kitu cha maana. Nilidhani wanamuziki wote wa dunia wamekubaliana.

Waliokubaliana ni mashine. Santuri ya siku zile, ya upana wa sentimita 25, ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulibeba dakika tatu au zaidi kidogo. Mpiga gitaa aliyezoea kuburudisha wanywaji hadi usiku wa manane alipaswa kuingiza yote aliyo nayo katika nafasi hiyo. Ndiyo maana Masanga haina hata pumzi moja ya bure. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene, shahada inaimba juu, na kila kimoja kina mwendo wake, hata asiyemwona anaapa kwamba wapigaji ni wawili. Mtaalamu David Rycroft aliandika uchambuzi mrefu wa gitaa lake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wapigaji wa Ulaya bado wanauhangaikia muziki huo. Sisi watoto wa Bukama tulijua jambo moja tu: ukiusikia, miguu haitulii.

Alichokifanya Mwenda hakikuishia Katanga. Mwaka 1959 alikaa Nairobi, akitangaza dawa ya Aspro redioni, na Edouard Masengo, ndugu yake katika muziki, akaitangazia Coca-Cola huko huko. Wapiga gitaa wa Kenya wa kizazi kile waliwasikiliza kwa makini, na nyimbo zao za Kiswahili cha kwetu zilieleweka bila mkalimani. Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki katika ajali ya gari Zambia mwaka 1990.

Siku hizi watu wa Bukama wanasoma saa kwenye simu, na redio ya Kinshasa inapotaja saa bado tunaongeza moja, maana mashariki ya Kongo iko mbele. Reli imechoka. Treni ambayo baba aliisubiri kwa dakika, leo inasubiriwa kwa siku, na abiria hulala stesheni na watoto wao na magunia ya samaki. Jambo hili linaniuma kila nipitapo pale.

Linaloniuma zaidi ni hili. Masanga imebaki kwa sababu mtu mmoja mwenye mashine alipita barabara ile wakati Mwenda anapiga. Katika kambi za reli na za migodi walikuwapo wapigaji wengine ambao hakuna mashine iliyowapitia, na walioketi kuwasikiliza sasa ni wazee. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Bukama, Luena na Kamina: mwenye santuri ya zamani asiitupe kwa kuwa gramafoni imekufa. Aandike jina la mpigaji, na mahali na mwaka aliponunua. Na asiye na santuri, ila anakumbuka wimbo wa kambini, amwite mjukuu mwenye simu, aimbe mpaka mwisho. Simu haina kikomo cha dakika tatu.