Shamba Nambari 64 na Hadithi ya Pesa ya Kulala

Wasee, kila wiki lazima nione video ileile: nunua ploti, jenga vyumba, kodi iingie kwa simu ukiwa umelala. Mimi ni mtu wa Plateau, hapa nje kidogo ya Eldoret, na ardhi ya huku imeahidi watu pesa ya kulala kwa zaidi ya miaka 100. Kwa hivyo kabla hujamwambia mzee auze ekari moja ya shamba ndio ununue ploti mahali, sikia historia ya nyumbani kwanza. Iko na hesabu ndani.

Uasin Gishu ni jina la Wamaasai waliochunga huku hadi vita vya karne ya 19 vikawatoa. Baadaye Wanandi wakalisha ng'ombe wao hapa. Waingereza walipigana na Wanandi kwa miaka mingi, na Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei akauawa. Watu wake wakasukumwa kwenye rizavu. Ndio ardhi "ikabaki wazi". Ilifunguliwa kwa bunduki, si kwa bahati.

Oktoba 1908 wakafika Makaburu kama 258 hivi kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Van Rensburg. Walishuka meli Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, halafu wakapenya matope na msitu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mashamba yakapewa nambari. Shamba nambari 64 lilikuwa la ovyo, udongo wake haukufaa kilimo. Kwa sababu hakuna mtu angelia likichukuliwa, 1910 posta ikawekwa hapo. Watu wakafuata barua, maduka yakafuata watu, benki ikafuata maduka. 1912 mji ukaitwa Eldoret. Wazee wengine bado wanasema Sisibo, yaani 64 ya Kiingereza ikitamkwa kinyumbani.

Hebu fikiria hiyo. Shamba baya kuliko mengine ndilo lililogeuka kuwa katikati ya mji. Wenye udongo mzuri walibaki na ngano na mahindi, lakini bei ya ardhi ikapanda pale penye posta. Udongo haukuhusika. Watu ndio walihusika.

Reli nayo ilifika Eldoret 1924, ikipitia hapa kwetu, na Plateau tukapata stesheni. Je, tulikuwa mji? Wapi! Treni ilipita, biashara ikaenda Sisibo. Kwa hivyo mtu akikuuzia ploti kwa sababu "barabara inakuja", muulize: barabara inaleta watu hapa, ama inawapitisha tu?

Sasa tuongee kuhusu kulala. Sheria ya 1915 iliwapa walowezi nafasi ya kukodi ardhi kwa miaka 999. Ni kama milele. Lakini nani alikuwa akilima? Sheria ya 1918 ilimtaka Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mzungu, yule waliyemwita skwota, afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kukaa. Hiyo ndiyo siri ambayo video hazisemi. Pesa ya kulala ipo, lakini mahali fulani kuna mtu ambaye hakulala.

Baada ya uhuru, watu walichanga hisa kwenye vyama na kampuni za kununua mashamba ya walowezi. Wengine walipata ardhi, wengine walipata kesi. Na kuna waliopata ardhi halafu wakakosa amani: Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na mji, waliteketezwa wakiwa ndani. Tuliozaliwa miaka hiyo tunapenda kuruka ukurasa huu. Usiuruke. Ardhi huku kwetu ina kumbukumbu, na karatasi peke yake haijawahi kutosha.

Mtaniambia, "Lakini wanariadha je?" Kweli, Moses Kiptanui, aliyekuwa wa kwanza duniani kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi chini ya dakika 8 mwaka 1995, ana jumba la Komora pale mjini. Lakini angalia mpangilio: jasho lilitangulia, jumba likafuata. Na alijenga mahali watu walikuwa tayari wanapita kila siku.

Chukua pia Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984 kule Kesses. Wanafunzi walileta hosteli, hosteli zikaleta vibanda vya chapo. Halafu Machi 2020 korona ikafunga vyuo. Mwanafunzi akienda nyumbani, kodi inaenda naye. Mkopo wa benki hauendi.

Sasa hesabu, ya mfano tu. Vyumba 10 vya shilingi 4,000 ni 40,000 kwa mwezi, 480,000 kwa mwaka. KRA wanachukua asilimia 7.5 ya kodi yote unayokusanya, bila kutoa gharama: 36,000. Umebaki na 444,000. Kama ulijenga kwa milioni 3, unahitaji karibu miaka 7 kurudisha pesa yako. Na hiyo ni bila kuhesabu ardhi, keretaka, choo kuziba, wala chumba kimoja kukaa tupu. Si mbaya. Lakini hiyo ni biashara, si usingizi.

Agosti 15, 2024 Eldoret ikawa jiji, na tangu hapo huku Plateau kila mtu ni dalali. Sisemi usinunue. Nasema uliza swali ambalo Shamba 64 limetufundisha: nani atalala kwenye hicho chumba, na mshahara wake unatoka wapi? Ukikosa jibu, umenunua nyasi. Ukipata jibu, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hatimiliki mwenyewe, kisha uongee na majirani wakwambie shamba lilikuwa la nani.

Na kama pesa ya kuanzia itatoka kwa shamba la familia, kaeni chini wote, hata dada zako, kabla mtu hajaita dalali. Ekari ya Plateau ikiuzwa, hairudi.