Kisumu hadi Eldoret: kilomita 79, dakika 10?

Juzi nimeandika programu fupi ya kupiga hesabu ya umbali kati ya viwanja viwili vya ndege. Nikaijaribu kwa Kisumu na Eldoret, maana ndivyo viwanja vikubwa vilivyo karibu na sisi wa nchi ya chai, Kericho na Bomet. Jibu: kilomita 79. Kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa, ni kama dakika 10.

Fomula niliyotumia ni ya zamani kuliko ndege yenyewe. Inaitwa havasaini, jina lililotolewa na Mwingereza James Inman mwaka 1835, enzi za mabaharia. Mwaka 1984 R. W. Sinnott aliipigia debe kwenye jarida la Sky & Telescope, kwa sababu kompyuta haikosei nayo hata umbali ukiwa mfupi. Lakini kwetu hata Pythagoras anatosha. Ikweta inapita katikati ya viwanja hivi viwili, na hapa digrii moja ni kama kilomita 111, uelekee kaskazini au mashariki.

Basi, kwa nini viwanja viko hapo vilipo? Hapo fomula inanyamaza, historia inajibu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways likaanza safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, likitumia ndege za kutua majini. Ziwa lilikuwa kiwanja tayari, halihitaji lami. Eldoret ilikuja baadaye sana, mwaka 1997, wakati wa Rais Moi, na ikazua mjadala mkali wa kisiasa. Iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, karibu kilomita moja juu ya Kisumu. Hewa huko ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.

Sasa tupime kutoka kwetu. Mstari ulionyooka kutoka mjini Kericho hadi uwanja wa Kisumu ni kama kilomita 69. Hadi Eldoret, 86. Kutoka mjini Bomet ni 103 na 132. Ndege ya Kisumu hadi Nairobi hukaa angani chini ya saa moja, lakini ongeza matatu, ukaguzi na kusubiri, utakuta faida imeliwa barabarani.

Na chai je? Majani mabichi hayasubiri. Yakichumwa asubuhi, yanatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo yanaharibika. Yakishakauka hayana haraka tena: yanasafiri taratibu hadi mnada wa Mombasa. Kwa hiyo dakika zenye thamani kubwa kwa mkulima ni zile za kutoka kituo cha kununulia chai hadi kiwandani, mvua ikinyesha na lori likiteleza kwenye matope. Kilomita hizo chache hakuna anayeziulizia kikokotoo.

Ndiyo maana nikisikia ahadi ya kiwanja kipya cha ndege, mimi huuliza kwanza: barabara ya kituo cha chai imefikia wapi?