Kengeleni

Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Miaka miwili baadaye, bara ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wamisheni wa Kiingereza walinunua ardhi ya kuwaweka waliookolewa majahazini. Kijiji wakakiita Frere Town, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kuudai mkataba huo.

Wakaazi wake walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua. Baadhi walikwisha kulelewa Nasik, Bara Hindi. Kiswahili kikawafanya jamaa moja. Mtoto wa kijiji hicho, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa* (1934). Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ni ya haki. Ila mateso ya babaye asingeyasimulia, nani angeyajua?

Kisha mwaka 1931 likaja daraja la kuelea la Nyali, na mwaka 1980 daraja jipya. Mji ukavuka maji, kijiji kikawa kitongoji. Kengele iliyopigwa zamani kuwatahadharisha watu na wateka watumwa ingali juu ya mnara wake, penye njia panda. Hapo makanga wa matatu hawamtaji Frere, huita, "Kengeleni!"